Maneno ya Benki kwa Chaki ya Fundi

Fundi alikuwa na cherehani mbili, macho mabovu na mtoto mmoja tu, na huyo mtoto alikuwa amefia ughaibuni, kwenye nchi ya baridi, akiwa kazini. Habari zilimfikia kwa simu asubuhi moja wakati anapinda suruali ya mteja. Aliyepiga alikuwa kijana aliyekaa chumba kimoja na marehemu huko. Alisema moyo ulisimama katikati ya zamu, kwenye ghala walilokuwa wakipakia mizigo, akaanguka na hakuamka tena. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaweka simu chini, akamaliza pindo. Watu walimsema sana kwa lile pindo. Walisema mama huyu ana roho ngumu. Sasa walitaka afanyeje, amrudishie mteja suruali yenye mguu mmoja mrefu? Mikono yake ilijua la kufanya. Yeye mwenyewe ndiye hakujua.

Siku ya pili yule kijana alipiga tena, akaeleza mambo yalivyo. Mwili ulikuwa umehifadhiwa na kampuni ya kusafirisha maiti. Kampuni ilitaka malipo yote kwa mkupuo kabla ya mwisho wa mwezi, na fedha zisipofika, serikali ya huko ingemzika yenyewe, kwenye makaburi ya watu wasio na wao. Wenzake kazini walikuwa wamechanga walichoweza, lakini kwa gharama ile ilikuwa sawa na bure. Fundi akauliza kiasi. Alipotajiwa hakushtuka. Alisema, "Mwanangu, waambie wasimguse. Anarudi nyumbani."

Alisema hivyo kwa sababu pesa zilikuwepo, na hili hakulijua mtu yeyote mtaani.

Kijana wake alipokuwa anaondoka, miaka kadhaa nyuma, alifungua akaunti benki kwa jina lake mwenyewe, akamwachia mama yake kadi na namba ya siri. Kila atakachotuma ni cha mama, alisema, na cha kwanza ni macho. Fundi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alishasema kwamba jambo lenyewe ni la kupasua na kumaliza. Kijana akaenda, akapata kazi, akaanza kutuma bila kukosa. Na Fundi hakwenda kupasuliwa. Alikuwa anachota kidogo sana, za uzi na za chakula, nyingine zote anaziacha pale pale. Alikuwa anamjengea nyumba. Bado haikuwa na hata tofali moja, lakini kichwani mwake ilikuwa na vyumba vitatu na veranda, na mke, na wajukuu wanaomwaga uji sakafuni. Kijana akiuliza habari za macho, mama anamwambia matibabu yanaendelea, ni ya muda mrefu, dawa ni za kila mwezi. Ulikuwa uongo mtupu. Yeye aliuita kuweka akiba.

Alivyokuwa mjanja, hakuwahi kujiuliza kama kijana naye ana uongo wake.

Basi alivaa gauni lake la heshima, akaenda benki kuzituma zile pesa. Kwenye dirisha alimkuta mvulana mwenye tai na haraka zake. Mvulana alizungumza Kiswahili, ndiyo, lakini kila penye neno la maana aliweka la Kiingereza. Fundi aliulizwa kama yeye ndiye "account holder", akaitikia kwa kichwa. Akaulizwa habari ya "mandate", akaitikia kwa kichwa. Akaulizwa anataka "transfer" ya namna gani, akaitikia kwa kichwa, na hapo watu wa nyuma yake kwenye foleni wakacheka. Alipoombwa kitambulisho, jina halikuwa la mwenye akaunti. Mvulana akamrudishia kitambulisho chake kwa ncha za vidole, akamwambia aje na mwenyewe, au atumie kadi nje kwenye mashine, ila ajue kuna "limit". Aje na mwenyewe. Fundi akatoka ameinamisha kichwa utadhani ameiba.

Aliporudi aligonga mlango wa chumba cha uani. Humo alipanga kijana mmoja, mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi, ambaye mtaa mzima ulimwita Ticha. Alikuwa na mashati mawili, anayapiga pasi kwa zamu, na Kiingereza cha kumwaga. Fundi alimweleza kila kitu, kadi, pesa, kampuni, kicheko cha foleni. Akamwambia anataka kuyajua maneno ya benki, yale ya lazima tu, asije akaitikia tena kwa kichwa kama mbuzi. Ticha alifikiri kidogo. Alisema kwenye kitabu chake cha zamani kuna sura nzima ya mambo hayo, benki na matumizi ya fedha. Hakusema, kwa sababu hakuona kama ni jambo la kusema, kwamba yeye mwenyewe benki alikuwa anaishia kwenye mashine ya nje, siku ya mshahara, na mshahara wenyewe ulikuwa haulali humo.

Wakaanza siku hiyo hiyo. Fundi asingeweza kusoma kwenye kitabu, maandishi ya kitabu kwake yalikuwa ni sisimizi waliotawanyika. Ticha akatandaza kitambaa cheusi cha suti kwenye meza ya kukatia, akachukua chaki ya fundi, akaandika neno moja kubwa la kujaza meza. Hapo Fundi aliliona. Alilifuata kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama anayefuata mstari wa kukata, akalitamka, akalitamka tena, kisha wakalipangusa kwa brashi na kuandika jingine. Walifanya hivyo kila alasiri Ticha akirudi shule, mwanga ukiwa bado mzuri. Wateja walioingia walidhani tu kwamba Mama Fundi anapewa michoro mipya ya nguo.

Hakuwa mwanafunzi mzito. Kila neno alilivuta upande wake mpaka likakaa. "Deposit" ni ile pesa ya utangulizi anayoacha mteja ili nguo yake isipewe mtu mwingine. "Balance" ni kitambaa kinachobaki baada ya kukata, na fundi mwaminifu hukirudisha. "Limit" ni ule upana unaoachwa ndani ya mshono: unaweza kufumua na kupanua mpaka hapo, ukizidisha nguo inachanika. Ticha alicheka, akasema laiti darasa lake lingekuwa na vichwa kama hivyo. Fundi akamwambia anyamaze aandike, na tena mkono wa shati lake umefumuka, alivue ashonewe wakati anafundisha. Kwa siku chache zile, Mungu amsamehe, kulikuwa na dakika ambazo alisahau kwa nini anajifunza.

Halafu akaliomba neno lenyewe.

"Mwenye akaunti akiwa amekufa," aliuliza, "wanasemaje?"

Ticha alishika chaki bila kuandika. Akaeleza kwamba neno la kawaida lipo, lakini ofisini hawalitumii, ni kavu mno. Ofisini husema "deceased". Ni neno la heshima, alisema, kama sisi tunavyosema marehemu. Fundi alilipenda kwa sababu hiyo. Huko kwenye ghala mwanawe alikuwa amepakia mizigo kama punda, sasa angalau atatajwa kwa heshima. Ticha akaandika pia "next of kin", yaani ndugu wa karibu kuliko wote, na kutoka hapo wakatunga sentensi nzima kwa Kiingereza: mwenye akaunti ni marehemu, mimi ni mama yake, ndugu yake wa karibu. Fundi aliisema akiwa anakanyaga cherehani, ikaenda na mguu, mpaka ikawa inatoka yenyewe.

Wakati huo wote alikuwa anachota. Kila asubuhi alikwenda kwenye mashine, akatoa mpaka inapogoma, akarudi na kuzishonea ndani ya bitana ya koti kuukuu lililoning'inia ukutani. Ticha alipiga hesabu, akasema kwa mwendo ule zingetimia kabla ya siku ya mwisho, kwa kubana, lakini zingetimia. Ilitakiwa subira tu.

Lakini mashine ilikuwa inamuumiza. Zamani alibonyeza kwa mazoea, cha tatu kutoka juu, kisha cha pembeni, wala hakujua kioo kinasema nini. Sasa alikuwa anasogeza uso karibu, na herufi zile kubwa nyeupe alikuwa anazielewa. Kioo kilisema "Welcome", na chini yake jina la mwanawe. Kila asubuhi kilimkaribisha. Hakijaambiwa. Fundi alisimama pale na kadi ya mtu aliyelala kwenye chumba cha barafu, anajibu maswali kwa niaba yake, na alijiona mwizi wa mtoto wake mwenyewe. Moyo ulikuwa unamsuta. Alikuwa mwanamke asiyemnyima mteja hata kipande cha utepe, na sasa kila siku alikuwa anaidanganya benki kwamba mwanawe yu hai.

Katikati ya siku hizo alikuja shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, dereva wa malori aliyestaafu na mgongo wake. Alikaa kwenye benchi la wateja, akashika kofia mapajani, akasema kwa maoni yake kijana azikwe huko huko, udongo ni udongo. Fundi hakumjibu. Shemeji akageuka geuka, kisha akashusha sauti.

"Shemeji, kama alikuachia kadi, wewe chota taratibu. Benki usiwaambie neno."

"Kadi ipi? Hakuna kadi."

"Nasema tu, kama ipo. Maana wale wakijua kwamba—"

"Nimekwambia hakuna kadi, shemeji."

Alimkata hapo hapo, akawasha cherehani kwa nguvu isiyo na sababu. Alimjua shemeji yake. Mumewe alipofariki, kabla machozi hayajakauka, huyu bwana alikuwa ameshaulizia baiskeli ya marehemu, na akapewa. Kwa hiyo akaona ni yale yale: amenusa kitu, anapima maji, kesho atataka sehemu yake kama baba mdogo wa marehemu. Shemeji alivaa kofia yake, akaaga kwa upole, akaenda zake. Na sentensi yake aliondoka nayo, nusu.

Asubuhi iliyofuata mashine iliandika "Out of service". Fundi aliyasoma yale maneno vizuri kabisa: haifanyi kazi. Kesho yake, vile vile. Jioni hiyo kijana wa ughaibuni akapiga simu, anasema kampuni imeuliza tena, siku ya mwisho ni Ijumaa, mama tuko wapi. Fundi alimwambia tuko karibu. Hakulala vizuri. Asubuhi aliyagusa macho yake kwa maji baridi, akavaa lile gauni la heshima, na hakumsubiri Ticha arudi shule. Angesubiri nini? Maneno alikuwa nayo. Angeingia ndani, azungumze na wakubwa kwa lugha yao, awaombe wampandishie "limit" kwa sababu ya msiba, aseme ukweli na aache kuiba. Wallahi alitoka nyumbani akiwa karibu na furaha.

Safari hii hakwenda kwenye dirisha la mvulana mwenye tai. Mlinzi alimwelekeza kwenye meza ya huduma kwa wateja, kwa dada mmoja wa makamo aliyevaa miwani na sweta la kijivu. Dada alimvutia kiti. Alimuuliza kama anataka maji. Fundi aliketi, akaweka mkoba magotini, akapiga moyo konde, akasema sentensi yake yote kwa Kiingereza, bila kukwama, kama alivyoikanyaga kwenye cherehani.

Dada alitoa mikono kwenye kompyuta. Akampa pole, na pole yake haikuwa ya mdomoni tu. Akauliza ni lini, na wapi, na kama kuna cheti. Fundi alikuwa na picha ya cheti kwenye simu, akamwonyesha. Aliulizwa namba ya akaunti, akaitaja. Aliulizwa kadi anayo nani, akaitoa. Kila alichoulizwa alijibu, na aliona jinsi dada yule anavyozidi kupoa usoni, akadhani ni huruma. Ilikuwa huruma kweli.

"Mama," dada alisema mwishoni, kwa Kiswahili kitupu. "Kuna mtu alikwambia uje useme hivi?"

"Hakuna. Nimejifunza mwenyewe."

Dada akavua miwani. Alieleza polepole, akirudia, ili isibaki hata chembe isiyoeleweka. Mwenye akaunti akishafariki na benki ikajua, akaunti hufungwa palepale. Hatoi mtu, hata awe mama. Mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi na barua yake ifike benki. Pesa hazipotei, zitakuja kwake zote, na riba yake. Lakini si leo.

"Inachukua muda gani?"

"Miezi, mama. Wengine mwaka."

"Mwanangu ana mpaka Ijumaa."

Nyuma yao watu walikuwa wanaitwa kwa namba, na mashine ya kuhesabia noti ilikuwa inavuma. Fundi alijisogeza mbele mpaka ukingo wa kiti. Akazungumza chini chini, kama wanawake wawili wanaopatana bei.

"Basi sijasema," alisema. "Nimekosea Kiingereza. Mimi mtu wa kushona, mwanangu, hayo maneno nimeyaokota tu, siyajui."

"Umeyasema vizuri sana, mama," dada akajibu, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Na cheti nimekiona. Nikikuachia utoe, mimi kesho sina kazi."

Kisha akaomba radhi, kwa sababu ilimlazimu, akachukua mkasi mdogo wa ofisini, akaikata kadi. Mkasi ulikuwa butu. Ulitafuna ile plastiki, ukaenda upande. Fundi aliutazama ule mkato mbovu, na jambo la kijinga kabisa lilimjia, kwamba angeomba ampokee mkasi amkatie vizuri.

Alirudi nyumbani kwa miguu. Ticha aliporudi shule alimkuta amekaa mbele ya meza ya kukatia, kitambaa cheusi kimetandazwa na hakina kitu. Alimweleza kwa maneno machache. Ticha alisimama mlangoni na daftari za wanafunzi mikononi. Akasema ni yeye, yeye ndiye aliyeandika lile neno, hakujua, kwenye kitabu hakikuandikwa kinachofuata. Akalia, mtu mzima, mwalimu, akajifuta kwa mkono wa shati alioshonewa. Fundi alimwacha alie. Hakuwa na hasira naye, na angetamani kuwa nayo, angalau angekuwa na pa kuielekeza.

"Wewe ulinifundisha maneno," alimwambia. "Benki hukunifundisha, kwa sababu huijui. Mimi ndiye niliyekuwa na mtu anayeijua, nikawasha cherehani."

Akamtuma akamwite shemeji.

Shemeji alikuja jioni ile ile. Fundi alimweleza yote, kadi, uongo wa kadi, akiba, nyumba ya vyumba vitatu. Alijiandaa kusimangwa. Shemeji alisikiliza akiwa ameshika kofia mapajani, kisha akasema kwamba kwa marehemu kaka yao mkubwa mambo yalikuwa hayo hayo, familia ilikimbilia benki na cheti mkononi, watoto wakakaa mwaka mzima hawana ada. Hilo ndilo alilotaka kusema siku ile. Hakulisema kwa kusuta. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akaiweka kwenye meza juu ya kitambaa cheusi. Akasema ndicho alichonacho, na kuna pesa kidogo za ile baiskeli, ameiuza asubuhi. Fundi alishindwa kumtazama.

Walifumua bitana, wakaweka pamoja walichonacho. Walimpigia muuza cherehani, akasema mashine kuukuu hizo atazichukua mwezi ujao, labda. Ticha alikwenda kukopa kwa walimu wenzake, akarudi na kiasi ambacho kwa mshahara wao kilikuwa kikubwa. Wakapiga hesabu juu na chini. Ilitosha jeneza la heshima na kaburi lenye jina lake, huko huko. Nauli ya kumrudisha haikutosha, hata kwa karibu.

Alhamisi Fundi alipiga simu mwenyewe.

"Mzikeni huko, mwanangu," alisema. "Nakutumia za jeneza. Liwe zuri."

Upande wa pili yule kijana akaanza kulia, na katika kulia akasema mambo ambayo labda alikuwa amejiapiza hatayasema. Kwamba mwenzake alikuwa anafanya zamu mbili tangu mwaka juzi. Kwamba alikuwa anakula mkate na chai, chai na mkate, huku kwa simu akimwambia mama anashiba, na wakimwambia apumzike anasema dawa za macho ya mama ni za kila mwezi, akiacha kidogo tu mama atapofuka. Alikuwa anajivunia. Alikuwa anawaambia wenzake, mama yangu siku hizi anasoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa. Fundi alishika ukingo wa meza. Alitaka kuuliza kama alikuwa amekonda, ila hakuuliza, kwa sababu alishajibiwa.

Aliweka simu chini. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, na majirani waliomwita roho ngumu walikuja mbio.

Ijumaa walikaa chumba cha kushonea, Fundi, shemeji na Ticha. Kijana wa ughaibuni alikuwa ameahidi kuwaonyesha maziko kwa simu. Simu ya Ticha ndiyo iliyokuwa na kioo kizuri, wakaiegemeza kwenye cherehani, na Fundi akavuta kiti mpaka uso ukakaribia kugusa kioo. Ikaita. Ticha akapokea. Mwanga ukajaa kioo kizima, mwanga wa kijivu wa nchi ya mvua, na ndani yake kulikuwa na vivuli vinasogea.

Fundi alitazama. Alirudi nyuma kidogo, akasogea tena, akafuta kioo kwa pindo la khanga, akafuta na macho. Ilikuwa ukungu mtupu. Angeweza kuwa anatazama shuka iliyoanikwa.

"Sioni," alisema. "Ticha, mimi sioni kitu."

Ticha alimtazama shemeji, shemeji akainamisha kichwa.

"Niambie wewe. Niambie kwa Kiswahili, taratibu."

Ticha akasema kuna mvua ya rasharasha. Kuna watu kama wanane, na mtu mmoja mzee anayesoma. Jeneza ni la kahawia, lina vishikio vyeupe, liko juu ya kamba. Ni zuri, mama. Fundi akauliza watu wamevaa nini, na shemeji akainua kichwa kwa mshangao, lakini ndivyo alivyokuwa, nguo ndiyo njia yake ya kumjua mtu. Ticha akasema makoti, mengi meusi, mmoja amevaa jaketi la kazini la rangi ya machungwa. Sasa wanateremsha. Sasa wanatupa udongo, mmoja mmoja. Yule kijana wa chumba kimoja amempa mwenzake simu, na sasa mwenyewe yuko mbele, anainama kuchota udongo.

"Amevaaje huyo?"

"Koti jeusi refu. La kitambaa kizito." Ticha alikodoa macho. "Lina vifungo vyeusi, isipokuwa cha chini. Cha chini ni cha kahawia."

Koti lile Fundi alimshonea mwanawe, wiki ya mwisho kabla ya safari, kwa kitambaa kizito kuliko vyote sokoni, bitana mara mbili. Vifungo vyeusi vilimwishia, akamalizia na kilichokuwepo. Mwanawe alipolijaribu, mikono ya koti ikameza vidole vyake, akacheka, akasema mama, umemshonea nani hili. Mama akamwambia aende nalo hivyo hivyo, atalijaza.

"Mikono yake," alisema. "Mikono imefika wapi?"

"Imekunjwa, mama. Imekunjwa kwa ndani, ikashonewa hapo kwa mkono. Naona uzi mweupe. Mishono mirefu mirefu, si ya fundi."

"Mwanangu ameshona mwenyewe," Fundi alisema.

Kwenye kioo udongo ulikuwa unaanguka, na sauti yake ilikuja imechelewa kidogo. Shemeji alimshika bega. Fundi alikuwa bado ameelekeza uso kwenye ule mwanga wa kijivu, na vidole vyake juu ya paja vilikuwa vinapima kitu, upana wa vidole viwili, tena na tena.

"Nilimwachia nafasi ya kunenepa," alisema.